Kurasa za Bibi: namna ya kutengeneza kitabu cha kumbukumbu nyumbani

Mzee akifariki kwetu, iwe Handeni, Kabuku, Korogwe mjini au Mombo, vitu vyake havikai muda mrefu. Nguo zinagawiwa, kitanda kinahamia kwa mtoto wa mwisho, redio inachukuliwa na yule anayejua kuitengeneza. Ikifika arobaini, kilichobaki ni sanduku la bati, na ndani yake bahasha ya kaki yenye picha kumi au kumi na tano, kadi ya chama, kadi ya kliniki na risiti ambazo hakuna anayejua ni za nini. Bahasha hiyo ndiyo watu huisahau. Mchwa hawaisahau.

Makala hii ni ya wanachuo ambao mwaka huu au mwaka jana wamerudi nyumbani kuzika bibi au babu, halafu wakarudi hosteli na picha moja tu kwenye simu, ile waliyoiweka stetasi. Nataka kueleza namna ya kuzitoa zile karatasi kwenye bahasha na kuzifanya kitabu: kurasa chache zenye picha, maandishi, kipande cha kanga, na majina. Ulaya na Marekani hii ni kazi ya mikono yenye maduka yake, karatasi zake za maua na stika zake. Sisi hatuhitaji vyote hivyo. Kwa hela ya chipsi mayai mara mbili tatu, likizo moja inatosha.

Nianze na neno majina, kwa sababu hapo ndipo pagumu. Picha ya zamani isiyo na majina hufa kabla ya karatasi yake. Unamkuta bibi amesimama katikati ya wanawake wanne, wote wamejifunga kanga kifuani, nyuma yao ukuta wa studio uliochorwa minazi. Bibi unamjua. Hao wanne ni nani? Mmoja huenda ni dada yake aliyeolewa Kilindi akafia huko. Mwingine huenda ni mke mwenzake. Mtu anayeweza kusema kwa uhakika yuko hai leo, ana miaka themanini na kitu, macho yana mtoto wa jicho, na hana WhatsApp. Kazi yote ya kitabu hiki inategemea kama utamfikia yeye kwanza au utafikia duka la steshenari kwanza.

Tusidhani kwamba kutunza kumbukumbu za wazee ni jambo la kuiga. Ukanda wetu una mifano mizito. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi karibu na watawala wa Usambara katika karne ya 19, alikusanya masimulizi ya ukoo wa Kilindi kuanzia Mbega, mwindaji aliyetoka Ungulu akaja kutawala milimani, akayaandika kwa Kiswahili. Kazi hiyo, Habari za Wakilindi, ilichapwa kwa sehemu kwenye mtambo wa misheni ya Magila, Muheza, na mwaka 1962 ikatoka tena kama kitabu kimoja. Kama asingekaa na wazee akawasikiliza, leo tungekuwa na jina la Mbega na mambo machache tu ya kubahatisha.

Mfano wa pili unanigusa zaidi, kwa kuwa hauna hata karatasi. Katika karne ya 19 watu wa Uzigua walijikuta Somalia, utumwani, na wazao wao wakajenga maisha kwenye bonde la mto Juba. Vizazi kadhaa baadaye, Somalia ilipovunjika mwaka 1991, baadhi yao walikimbia wakafika Tanzania, wakapokelewa Handeni, na hatimaye wakapewa makazi Chogo. Walikuja wakiongea Kizigua. Hawakuwa na albamu wala vyeti. Walikuwa na lugha, na habari kwamba babu zao walitoka huku. Wenyeji wakawaelewa. Ukitaka kujua kwa nini nitasisitiza maneno ya mzee yaandikwe kama alivyoyasema, sababu ni hiyo.

Uliza kwanza, gundi baadaye

Chukua picha zote, ziweke kwenye bahasha safi, nenda kwa mzee aliyebaki. Inaweza kuwa mdogo wake marehemu, shoga yake wa ngoma, jirani wa tangu kijiji kilipoanzishwa. Usiende na daftari lenye maswali ishirini kama mtu wa sensa. Salimia, kaa, kunywa chai, halafu toa picha moja. Picha yenyewe ndiyo swali. "Shikamoo bibi, huyu aliyeshika mwavuli ni nani?" Hapo utapata zaidi ya ulivyotarajia, kwa sababu mwavuli ulikuwa wa kuazima na mwenye mwavuli alikuwa na kisa chake.

Wajukuu tuna bahati ambayo wazazi wetu hawana. Kwetu mjukuu na babu ni watani. Bibi anamwita mjukuu wa kiume mume wangu, babu anamwita mjukuu wa kike mchumba, na ndani ya utani huo unaweza kuuliza mambo ambayo mtoto wa kumzaa hathubutu: babu alioa wangapi, nani alimkataa, kwa nini walihama. Itumie nafasi hiyo kwa adabu. Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa na useme ni kwa ajili ya nini. Akisema hili usiandike, usiandike.

Kama anaongea Kizigua au Kisambaa, muache aongee hivyo hivyo. Kwenye ukurasa andika sentensi moja au mbili za lugha yake, chini yake uweke Kiswahili. Mjomba au shangazi atakusaidia tahajia.

Tarehe ndizo zitakusumbua. Wazee wengi hawana tarehe, wana matukio, na kazi yako ni kuyageuza kuwa miaka. Akisema mama yako mkubwa alizaliwa bendera ya mkoloni ilipoteremshwa, hiyo ni Desemba 1961. Akisema tulikuwa tumeshahamia kijijini, uliza ni kuhama kupi: vijiji vya ujamaa vilivyoanza baada ya Azimio la Arusha la 1967, au ile operesheni ya kuhamisha watu ya miaka ya 1973 hadi 1976? Vita ya Amin ni 1978 na 1979. Kadi ya TANU haiwezi kuwa ya kabla ya 1954 wala ya baada ya Februari 1977, chama kilipoungana na ASP kuwa CCM. Karatasi inayotaja Wilaya ya Handeni kwa kijiji ambacho leo kiko Kilindi huenda ni ya kabla ya 2002, wilaya hizo zilipogawanywa. Na bibi akikuambia alikwenda Dar kwa treni akitokea Korogwe bila kupitia njia nyingine, jua ni baada ya 1963, kwa kuwa ndipo reli ya Tanga ilipounganishwa na reli ya kati kupitia Mnyusi na Ruvu. Njaa ndiyo ina mtego. Handeni imeona njaa nyingi, na mzee akisema mwaka wa njaa bila jina, muulize mtoto gani alikuwa mgongoni wakati huo.

Geuza pia picha nyuma. Mara nyingi kuna muhuri wa studio, mji, wakati mwingine mwaka ulioandikwa kwa kalamu ya wino. Usiufunike kwa gundi, upige picha.

Halafu kuna wazee ambao habari zao hazianzii hapa kabisa. Korogwe ni nchi ya mkonge. Mmea wenyewe ulikuja na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, miche michache sana ikapona safari na kupandwa karibu na Pangani. Miaka sabini baadaye Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ililetwa kutoka mbali: Kigoma, Njombe, Burundi, Msumbiji. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya waajiri wa mkonge ya kuwaandikisha, SILABU. Mfanyakazi alipewa kipande, kadi iliyowekewa alama kila siku ya kazi iliyokamilika, na malipo yalikuja alama 30 zilipotimia. Kama babu yako wa Ngombezi au Magunga alikuwa na jina la Kiha na alizikwa Korogwe, kipande chake, kikipatikana, ni ukurasa mzima peke yake. Kama hakipo, andika jina la kambi, namba ya kambi kama mtu anaikumbuka, na kijiji alichosema anatoka. Kuna familia zimetafuta ndugu Kigoma kwa kuanzia na jina moja tu la kijiji.

Vifaa, na vitu vya kukwepa

Sasa tuingie kazini. Kanuni yangu ya kwanza ni hii: picha halisi isibandikwe. Kitabu kinabeba kopi, picha halisi zinakaa kwenye bahasha pembeni. Ukiweza kuzipitisha kwenye skana, omba alama 600 kwa inchi, si ile 200 ambayo jamaa wa steshenari anaitumia kwa vyeti vya kuombea kazi. Ukikosa skana, simu inatosha: weka picha mezani karibu na dirisha, kivulini, zima flashi, simama juu yake simu ikiwa sambamba na meza, na ufute kioo cha kamera kwa kitambaa. Picha yenye mng'ao ikikuletea kivuli cha uso wako mwenyewe, shika kitambaa cheusi juu ya simu. Picha nyeusi na nyeupe za zamani huwa bado nzuri ajabu, kwa sababu zimetengenezwa kwa madini ya fedha. Za rangi ndizo zinazogeuka wekundu na uchungwa, maana rangi ya buluu ndani yake huondoka kwanza, hata zikiwa gizani. Kwa hiyo anza na za rangi.

Kopi zichapwe kwenye karatasi nyeupe nzito kwa mashine ya leza. Zile za mashine ya wino zinachuja zikiguswa na jasho, na Korogwe jasho lipo.

Karatasi za kitabu: manila ni rahisi na ngumu, lakini manila ya rangi na karatasi ya kaki zina asidi inayofanya kitu kilichokaa juu yake kiwe cha manjano baada ya miaka. Tumia manila nyeupe, au weka karatasi ya A4 nyeupe kati ya manila na picha. Kaunta buku pia inafaa ukiwa huna kitu kingine, ila ichanwe karatasi moja kati ya kila tatu, ukiacha kipande chembamba karibu na mgongo, vinginevyo picha zikijaa kitabu kinafura kama mkate.

Selotepu ikae mbali kabisa. Inakauka, inaacha doa la kahawia, na doa hilo halitoki. Zile albamu zenye kurasa za kunata na nailoni juu, zilizokuwa fasheni ya harusi, nazo ni mtego. Ukijaribu kuitoa picha baada ya miaka ishirini inatoka nusu. Na laminesheni, ambayo wengi wetu tunaiona ndiyo heshima ya mwisho, ni kifungo cha maisha: moto wa mashine unaweza kuharibu picha na huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Laminisha kopi ukipenda.

Cha kubandikia, njia nzuri ni kutobandika. Kata pembetatu ndogo za karatasi, zibandike kwenye ukurasa, uchomeke pembe nne za picha ndani yake. Kwa pembetatu zenyewe tumia uji mzito wa unga wa ngano, kiasi kidogo sana, uliopikwa na kupozwa. Kisayansi ni gundi nzuri kwa karatasi kwa sababu maji yanaweza kuitoa. Mende nao wanaipenda, ndiyo maana nimesema kidogo.

Kushona ni sehemu ninayoipenda. Kunja karatasi katikati, tano au sita pamoja, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, juu, chini. Pitisha uzi ndani kwenda nje kwa tundu la katikati, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka ndani mpaka tundu la chini, toka nje, rudi ndani kwa la katikati, kisha funga ncha mbili zikiwa zimeukumbatia ule uzi mrefu. Uzi wa aina gani? Tuko Korogwe, ni mkonge. Chambua nyuzi mbili tatu nyembamba kutoka kwenye kamba, zisokote kwa mkono juu ya paja kama wanavyofanya wazee, zipake nta ya nyuki au mshumaa. Kwa mzee aliyekata mkonge nusu ya maisha yake, mgongo wa kitabu unasema kitu ambacho stika ya malaika haisemi.

Kanga iombwe mapema, kabla ya siku ya kugawa nguo. Huhitaji kanga nzima. Pembe yenye pindo na kipande cha jina vinatosha. Hasa jina, lile neno lililoandikwa, kwa sababu bibi alilichagua dukani na huenda alikuwa anamjibu mtu. Andika chini yake alikuwa anamjibu nani, kama mtu bado anakumbuka na kama haitaleta ugomvi.

Nani awemo

Hapa kuna moto, na sioni faida ya kuuzunguka. Kitabu cha kumbukumbu kinaandika nani ni ndugu. Ukichora ukoo wa bibi wa Kizigua kama ulivyofundishwa shuleni, baba juu na watoto wa baba chini, umeshapoteza nusu, maana kwa jadi ukoo wa Wazigua unafuata upande wa mama na mjomba ana nafasi yake. Wasambaa wanafuata baba. Familia nyingi za kwetu zimechanganya, kwa hiyo mzee anaweza kuwa na koo mbili na anazitaja zote. Mchoro wako uzibebe zote.

Kisha kuna mke mkubwa na mke mdogo, mtoto wa nje ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja, na shemeji aliyeondoka kwa kesi. Maoni yangu: weka kila mtoto aliyezaliwa, bila maelezo. Jina na mwaka. Habari ya kwa nini, iache. Mtoto wa nje anayefungua kitabu cha baba yake asione jina lake amezikwa mara ya pili, na hilo hakuna kikao cha ukoo kitakachorekebisha. Kama wazee watakataa, angalau kiwe kikao na si uamuzi wako wa usiku mmoja kwenye meza ya hosteli.

Picha zenyewe zina mipaka. Kuna familia za Kiislamu ambazo hazitaki sura ya marehemu itundikwe wala ionyeshwe, na hilo linaheshimiwa. Kitabu kinaweza kwenda bila uso: mwandiko wake, tasbihi iliyochorwa kwa penseli, nyumba aliyojenga, shamba la mahindi, mpishi wa bibi ukielezwa kwa kipimo chake, yaani viganja na vijiko vyake, si gramu. Picha ya maiti au ya mgonjwa kitandani, hata kama ipo kwenye simu za watu kumi, isiingie.

Na usiwahi kubandika karatasi yenye kazi. Cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo vinahitajika kwenye mirathi Mahakama ya Mwanzo. Hati ya haki miliki ya kimila, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ndiyo shamba lenyewe kwenye karatasi. Nimeona mtu akifurahia muhuri mwekundu wa hati kama pambo. Piga kopi, bandika kopi, hati halisi irudi kwa msimamizi wa mirathi mbele ya mashahidi, ili kesho asitokee ndugu akasema mjukuu wa chuo ameficha shamba.

Maandishi ya picha yawe mafupi na ya uhakika. Andika kwa penseli laini, si peni, kwa sababu peni inachapa upande wa pili na wino wake unatembea. Toka kushoto kwenda kulia, taja jina, uhusiano, mahali, mwaka. Usipokuwa na uhakika weka alama ya kuuliza pembeni ya jina. Alama hiyo itamfanya mtu mwingine aseme hapana, huyu ni fulani. Epuka zile sentensi za kadi za rambirambi. Bibi aliyekuwa mkali aandikwe alikuwa mkali, na fimbo yake ilikuwa ya mti gani.

Kitabu kikiisha, kikae kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali mawili, mbali na ukuta wa udongo, na majani ya mwarobaini makavu pembeni yake, si ndani ya kurasa. Kila miezi mitatu kifunguliwe kipate hewa. Picha za simu zitunzwe sehemu mbili angalau: barua pepe ya familia na flashi ya mtu asiyebadilisha simu kila mwaka. Ukurasa wa mwisho uwe orodha ya picha halisi: ipi iko kwa nani, Handeni, Korogwe au Dar. Na kabla ya orodha hiyo acha kurasa tatu nne tupu, kisha kibebe kitabu siku ya hitima au misa ya mwaka, ukiweke kwenye mkeka walipokaa wanawake, pamoja na penseli iliyochongwa.